Kuchonga Uso kwa Kivuli

Kwenye saluni za maharusi neno "kontua" limeshazoeleka: rangi iliyokoza kuliko ngozi hupitishwa kwenye mashavu, ubavuni mwa pua na chini ya taya ili uso uonekane mwembamba. Neno halina ubaya. Lakini kwa anayemgeuza mwigizaji kuwa simba halisemi kazi yenyewe ni ipi, ndiyo maana napendelea kuchonga kwa kivuli. Kitenzi hicho tayari kimo saluni, maana nyusi huchongwa kila siku.

Rangi nyepesi hukileta kitu mbele, iliyokoza hukirudisha nyuma. Pua ya binadamu ni nyembamba katikati ya macho. Ya simba ni pana na bapa. Basi mpakaji huteremsha ukanda mpana wa rangi ya mchanga toka kwenye nyusi hadi puani, kisha hukoza kingo zake kwa hudhurungi, akianzia pembe ya ndani ya jicho. Papo hapo macho huonekana yametengana. Ncha ya pua huwa nyeusi, mstari mwembamba hushuka hadi mdomo wa juu, na kila upande wa mstari huo huwekwa weupe wa mviringo wenye kivuli chini yake, mdomo ukavimba. Manyoya huja mwisho, kwa brashi nyembamba, yakifuata yanakoota: kutoka puani kwenda nje.

Wengi huanza na manyoya na madoa, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mwaka 1896 mchoraji Mmarekani Abbott Thayer alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo uliokoza na tumbo jeupe. Mtazame swala: jua humng'arisha juu na kumtia giza chini, na rangi za mwili wake hufuta tofauti hiyo, akaonekana bapa, adui asimtambue. Anayenakili rangi za mnyama peke yake ananakili maficho yake. Umbo halitokei mpaka lichongwe.

Julie Taymor, aliyeongoza mchezo wa jukwaani The Lion King ulipofunguliwa Broadway mwaka 1997, alikiweka kinyago cha simba Mufasa juu ya kichwa cha mwigizaji, uso wake ukabaki wazi na kupakwa rangi. Kinyago kwetu huchongwa. Sioni kwa nini uso ulio chini yake ukose kitenzi hicho.

Madoa ni jambo jingine. Hayo hupakwa, hayachongwi. Ndiyo yanayotambulisha mnyama: duma ana madoa yaliyojaa na mistari miwili myeusi kutoka pembe za ndani za macho hadi mdomoni, ilhali chui hana mistari hiyo, na madoa yake mengi yako wazi katikati.

Kwa kuwa kivuli muhimu kuliko vyote hukaa karibu kabisa na jicho, rangi iwe iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Rangi za kuchorea shuleni, hata zikiandikwa hazina sumu, hazikukusudiwa usoni. Rangi ya uso ijaribiwe mkononi siku moja kabla, na wakipakwa watoto, kila mmoja awe na sponji yake. Maji yakizidi rangi huchirizika hadi jichoni; yakipungua, hupasuka mara mtoto anapocheka.