Mario na Umeme wa Kaloleni

Juzi mwanangu alikuwa akicheza kwenye simu ule mchezo wa zamani wa Mario. Alipoitwa kula aliuzima katikati, na baada ya chakula akaendelea pale pale alipoachia. Nilishangaa, si kwa mchezo, bali kwa huko kuendelea.

Sisi tuliokulia Arusha miaka ya tisini hatukujua kuendelea. Pale Kaloleni palikuwa na kibanda cha mabati cha Mangi mmoja: televisheni moja ya rangi, mabenchi mawili, na mashine ya gemu ya kuiga ile ya Nintendo ya Japani. Shilingi 50 zilikupatia maisha matatu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo baadhi yetu tulimjua yule fundi bomba mwenye masharubu kabla ya kumjua msoma habari yeyote kwa sura.

Mchezo wenyewe, Super Mario Bros., ulitoka Japani Septemba 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na wenzake. Una dunia 8, kila moja yenye hatua 4, na vyote vimebanwa ndani ya kilobaiti 40, kiasi kidogo kuliko picha moja ya simu ya leo. Skrini ikishasogea mbele, hurudi nyuma. Na kaseti ile haikuwa na kumbukumbu. Ukizima, umekwisha.

Changanya hilo na umeme wa wakati ule. Mwanzoni mwa miaka ya tisini maji yalipungua katika mabwawa, Mtera likiwamo, tukaonja mgawo. Na hata mgawo ulipopungua, umeme ulikatika bila kuaga. Jumamosi moja ya mwaka 1995 kaka yangu alifika dunia ya 8. Kibanda kizima kilisimama nyuma yake, hata watoto waliotumwa mafuta ya taa walisahau safari zao. Akalikanyaga daraja la mwisho, lile la zimwi. Mara skrini ikajikunja, ikawa nukta nyeupe, kisha giza. Tulitoka nje kimya. Mlima Meru ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Mangi alisema pesa hairudi, na kaka hakufika tena pale.

Nilikuwa chuoni, nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, nilipofahamu kuwa Nintendo walikwisha kuutengeneza upya mchezo ule mwaka 1993, ndani ya Super Mario All-Stars. Wengi husifia picha zilizochorwa upya na muziki ulionona. Mimi nasema jambo kubwa lilikuwa betri ndogo ndani ya kaseti, iliyotunza dunia uliyofikia. Yaani siku ile ya kaka dawa ilikuwa na umri wa miaka miwili, ila haikuwa imepanda hadi Kaloleni.

Si kila kipya kilikuwa bora. Katika toleo hilo Mario akivunja tofali kwa kichwa huendelea kupaa, badala ya kurudishwa chini kama zamani, na aliyezoea ule wa kwanza hukosea mruko.

Mwaka 1999 likaja Super Mario Bros. Deluxe la Game Boy Color, mashine ya kushika mkononi inayotumia betri mbili ndogo. Humo waliongeza sarafu tano nyekundu za kutafuta katika kila hatua, yai la Yoshi lililofichwa, na mbio za kushindana na mzimu aitwaye Boo. Lakini kioo kilikuwa kidogo mno, shimo unaliona umeshalikaribia. Ningekuwa mimi, ningekubali shimo.

Pasaka iliyopita tulikwenda kwa kaka, Ngaramtoni. Mwanangu akampa simu, akamweleza kwamba siku hizi hakuna kinachopotea. Kaka akaipokea, akavaa miwani, na kabla ya kugusa chochote akaangalia chaji.