Nembo ya Kijijini Ilivyoingia Kwenye Gemu la Simu

Ukimkuta kijana wa Katesh au Dongobesh ameinamia simu, dole gumba linakimbia, usidhani anachati tu. Huenda yuko fainali, na timu yake ina nembo aliyoibandika mwenyewe.

Mambo haya yalianzia Kariakoo. Yanga ilizaliwa 1935, Simba 1936, na Simba yenyewe ilijulikana kama Sunderland mpaka 1971. Kwa shabiki wa Mbulu, mamia ya kilomita kutoka Dar, timu ilikuwa sauti ya redioni. Alichoweza kuwa nacho nyumbani ni rangi na nembo: kwenye fulana, kwenye bodaboda, kwenye ukuta wa kinyozi.

Zikaja simu janja, na gemu la Dream League Soccer la kampuni ya First Touch Games ya Uingereza. Lilipendwa kwa sababu lilichezeka hata bando likikata. Tatizo, unaanza na timu inayoitwa Dream FC. Simba na Yanga hazimo!

Ila watengenezaji waliacha mlango wazi: sehemu ya kubandika linki ya picha. Ukiwa na nembo yenye vipimo sahihi, timu inakuwa yako. Basi mafundi ambao wengi hatuwajui hata majina wakachora jezi na nembo za klabu zetu, wakaziweka mtandaoni bure. Linki zikazunguka kwenye magrupu, na utani wa jadi ukahamia kiganjani.

Sasa, aliyeweza kubandika nembo ya Yanga anashindwaje kubandika ya kwake? Programu ya kuhariri picha inatosha: unaweka Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, unaweka pembe za ng'ombe, chini unaandika jina la kijiji. Timu haina uwanja, haina kocha, pengine haina hata mpira. Nembo inayo.

Wapo watakaosema ni utoto. Lakini Mbulu ndiyo iliyomtoa yule mwanariadha aliyemaliza marathoni ya Mexico City 1968 akichechemea, wa mwisho, na dunia bado inamsimulia. Watu wa kutambia wapo, klabu kubwa ya kutambia ndiyo hakuna. Hata Ligi Kuu ilipofika Babati mwaka 2024, ilikuja na Fountain Gate, timu iliyohamia kutoka mkoa mwingine.

Ndiyo maana picha ile ndogo ina uzito. Wekundu wa Msimbazi nao waliishi miaka mingi na jina la klabu ya Uingereza kabla ya kujiita Simba. Kijana wa Haydom anaifuta Dream FC jioni moja tu, anaandika kwao.

Haya wadau wa Mbulu na Hanang, nembo ya kijiji chenu ingekuwa na nini?