Piny Owacho: Nchi Iliposema, na Aliyeisemea

Sio Port ni bandari ndogo ya Wasamia katika Ziwa Viktoria, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Hadi mwaka 1902 sehemu hiyo yote ilikuwa chini ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliusogeza mpaka bila kuwauliza wenyeji, na Wasamia wakagawanyika. Wale wa mashariki waliingizwa katika mkoa ulioitwa baadaye Nyanza, pamoja na Wajaluo na Waluyia wengine, na wote wakabebeshwa mzigo mmoja: kodi, kipande na kazi za lazima.

Mzigo huo ndio uliozaa Piny Owacho. Tarehe 23 Desemba 1921, watu walikutana Lundha, katika Gem, wakaunda chama kilichoongozwa na Jonathan Okwiri. Kwa Kijaluo, jina hilo lina maana ya “nchi imesema”. Mwanaisimu hana budi kutambua kwamba mtenda katika sentensi hiyo ni nchi, wala si chifu wala msomi. Viongozi wenyewe walikuwa walimu wa misheni, yaani tabaka jipya. Lakini walisema mbele ya baraza, nalo baraza liliweza kuwasahihisha. Mwaka 1922 Gavana alilazimika kuwasikiliza. Kodi ikashushwa kutoka shilingi 16 hadi 12, na kambi za kazi zikafungwa.

Serikali iliogopa. Mwaka 1923 Okwiri alimwachia uongozi Arkidikoni W. E. Owen, na chama kikaitwa Chama cha Masilahi ya Walipa Kodi wa Kavirondo. Nchi iliyosema ikawa walipa kodi wanaotunzwa. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Haki itendeke: Owen alipinga vikali kazi za kulazimishwa, na vyoo vina faida. Hata hivyo, hoja zilihama kutoka barazani zikaingia katika barua za Kiingereza, na mwenye kalamu akawa ndiye msemaji. Mwaka 1931 chama kiligawanyika, Wajaluo huku, Waluyia huku.

Basi umoja wa wanyonge hauvunjwi kwa virungu pekee. Huvunjwa pia kwa kusemewa na mtu mwema. Chama hudumu kikiwa mali ya umma pale ambapo mkulima wa Gem na mvuvi wa Sio Port wanaweza kuelewa, na kukataa, kila neno linalotamkwa kwa jina lao.