Akiba Iliyotawanywa: Mifugo na Njia za Waso

Mborana wa Waso, nchi ya Ewaso Ng'iro upande wa mashariki wa mji wa Isiolo, hakuwa na desturi ya kuweka mali yake yote mahali pamoja. Ng'ombe wachache wa maziwa walibaki nyumbani katika kundi liitwalo warra, ili watoto na wazee wanywe. Mafahali, mitamba na mifugo mingine isiyokamuliwa ilikwenda fora, kundi la mbali linalochungwa na vijana, pengine mwendo wa siku kadhaa kutoka bomani. Zaidi ya hapo kulikuwa na dabare: mtu humkopesha jamaa au rafiki ng'ombe jike, huyo akanywa maziwa, na mwenye ng'ombe akabaki na haki juu ya uzao. Ukame ukipiga Merti, mmoja wa miji ya Waso, kuna ndama wake anayekua Garba Tulla.

Wahandisi wa kompyuta walilifikia wazo hilo kwa njia yao. Mfumo wa mafaili ambao Google iliutangaza mwaka 2003 ulikuwa kwa kawaida ukihifadhi kila kipande cha data kwa nakala tatu, katika seva tofauti. Ceph, mfumo mwingine wa kuhifadhi data uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, husambaza nakala zake vivyo hivyo. Lakini anayejenga mifumo hii hujua kwamba kuongeza diski ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni mtandao. Seva moja ikifa, zilizobaki hulazimika kunakiliana upya data nyingi kwa haraka, na njia ikiwa nyembamba, watumiaji nao hukwama. Ndiyo maana wengi hutenga njia mbili, moja ya watumiaji na nyingine ya seva zenyewe kwa zenyewe.

Waso nako, njia ndizo zilizokuwa na wakubwa wake. Malisho yaligawanywa katika dedha, maeneo yanayosimamiwa na wazee wanaoamua wapi mifugo ikae wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi pasiguswe mpaka ukame uwe mkali kweli. Kisimani alikuwapo aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, na mgeni hakuteremsha mifugo yake kabla ya kuzungumza naye. Kabla kundi halijahama, wapelelezi walitangulia kutazama nyasi, maji, magonjwa na amani ya njiani. Na aliyefilisika hakuachwa: kwa busa gonofa, watu wa ukoo walimchangia mifugo ya kuanzia upya.

Serikali ya kikoloni iliingia katika mpango huu ikiwa na ramani na vizuizi. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni, kisha ile ya wilaya maalumu ya mwaka 1934, zilifanya kuingia na kutoka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, kuwa jambo la kibali. Waborana wenyewe walihamishiwa Waso kutoka upande wa Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1930, kila kabila likapewa mipaka ya malisho yake. Mji wa Isiolo ukawa lango: mifugo iliyoshuka kutoka kaskazini ilizuiliwa hapo karantini, kwa hofu ya homa ya mapafu kuwafikia ng'ombe wa walowezi. Bado ndani ya mipaka hiyo fora zilihama na dabare ziliendelea.

Kilichokuja baadaye kilikuwa kibaya zaidi. Juni 1963, mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na chifu mkuu Haji Galma Dido. Wakenya wengi wanalijua jina la Wabera kwa barabara ya katikati ya Nairobi tu. Desemba mwaka huo huo, siku chache baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, na vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka NFD ijiunge na Somalia, vikaendelea hadi 1967. Mwaka 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, Garba Tulla na Merti vikiwamo. Kuchunga nje ya eneo lililoruhusiwa kulimfanya mtu ahesabiwe mhalifu. Waborana huuita wakati huo gaf daba, wakati wa kusimamishwa.

Mifugo iliyobanwa kuzunguka kijiji ilimaliza nyasi, ikafa kwa njaa na maradhi. Mingine ilichukuliwa au kupigwa risasi. Ngamia, waliokuwa na sifa ya kustahimili kila kitu, walipungua vibaya sana. Busa gonofa nayo haikuwa na pa kushika, kwa kuwa ukoo wa kuchangia ulikuwa umefilisika wote kwa wakati mmoja. Mwanaanthropolojia Richard Hogg, aliyefanya utafiti Isiolo miaka iliyofuata, alieleza jinsi umaskini wa Waso ulivyotokana na vita hivyo, si na ukame peke yake. Katika miaka ya 1970 waliopoteza mifugo walianza kulima kando ya mto, katika miradi ya umwagiliaji kama ule wa Malka Daka.

Baadaye madhara yalikuja yakiwa yamevaa sura ya msaada. Visima vya mashine vilichimbwa hata katika malisho ya akiba, na maji yakipatikana mwaka mzima, mifugo nayo hukaa mwaka mzima. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, hazina ya tabianchi iliyojaribiwa Isiolo iliwapa wenyeji sauti katika kuchagua miradi, na wazee wa dedha wakapata nafasi ya kutetea utaratibu wao. Siku hizi mpelelezi huenda kwa pikipiki na kupiga simu panapopatikana mawimbi.

Kuhusu nani aamue njia, mabishano hayajaisha. Wakazi wa upande wa Merti walipinga mahakamani jinsi hifadhi za jamii za Biliqo-Bulesa na Cherab zilivyoanzishwa katika ardhi yao, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hazikuanzishwa kwa kufuata sheria.