Dirisha, meko na baridi: historia ya kuziba nyufa

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, majaribio yalibana na bumu nalo likachelewa, basi hata hamu ya kuandika haikuwepo. Leo nimerudi na mada ambayo wengine mtaiona ya ajabu kwa mwanafunzi wa ualimu wa historia: kazi ndogondogo ambazo watu wa mijini huko Ulaya na Marekani wanazifanya majumbani mwao baridi ikikaribia. Kuziba ufa wa dirisha. Kubandika mpira chini ya mlango. Kubadilisha meko. Kupaka rangi ukuta ulioota kuvu. Kwenye vitabu vyetu vya sekondari huzioni hizi, kule ni Mapinduzi ya Viwanda na Mkutano wa Berlin mwanzo mwisho.

Lakini ukizifuatilia utakuta jambo moja linajirudia karne hadi karne. Mtu wa mjini anataka joto, anataka na hewa safi, na mara nyingi amelazimishwa achague kimojawapo. Tena anayemlazimisha siyo baridi peke yake. Ni kodi, ni bei ya mafuta, ni mwenye nyumba. Hebu tuone.

Tuanze na Uingereza. Mwaka 1662 serikali ya Mfalme Charles II ilianzisha kodi ya meko: shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko uliyonayo. Wakaguzi waliingia hadi vyumbani kuhesabu, jambo lililowaudhi sana watu. Kodi ile ikafutwa 1689. Wakashangilia, lakini haikuchukua muda: mwaka 1696 ikaja kodi ya madirisha. Watu wakafanya nini? Wakaita fundi, wakaziba madirisha kwa matofali. Mpaka leo zipo nyumba za zamani kule ambazo unaona umbo la dirisha ukutani lakini ndani yake ni tofali tupu. Nyumba zenye wapangaji wengi ndo ziliumia zaidi, maana kodi alidaiwa mwenye nyumba, na yeye aliona heri giza kuliko kulipa. Kodi hiyo ilidumu hadi 1851, yaani miaka 155 ya serikali kutoza mwanga na hewa.

Katikati ya kipindi hicho akatokea jamaa mmoja anaitwa Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1753, akawa upande wa Waingereza kwenye vita vya uhuru vya Marekani, ikabidi akimbie. Mwaka 1796 alichapisha maandiko kuhusu meko za London. Hoja yake ilikuwa rahisi. Meko ya ukutani ya wakati ule ilikuwa pana mno, koo la dohani (bomba la moshi) nalo pana, kwa hiyo joto karibu lote lilipanda juu na moshi. Na hewa moto ikipanda, nafasi yake inajazwa na hewa ya baridi inayopenya kwenye nyufa za milango na madirisha. Yaani unachoma makaa ya mawe halafu moto wenyewe unakuvutia baridi ndani! Rumford akasema punguza kina cha meko, kuta za pembeni zikae mshazari ili joto lirudi chumbani, na koo la dohani liwe jembamba. Fundi mwashi mwenye matofali machache aliweza kuimaliza kazi hiyo bila kubomoa nyumba. Ikawa fasheni, hata Jane Austen akaitaja meko ya Rumford kwenye riwaya yake ya Northanger Abbey.

Sasa chumba kimepata joto, lakini moshi wote wa mji unakwenda wapi? Hilo swali London ilijibiwa kwa uchungu Desemba 1952. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 hewa ilitulia kabisa juu ya mji, baridi kali, na kila nyumba inachochea meko yake. Makaa mazuri yalikuwa yanauzwa nje ili nchi ipate fedha za kigeni baada ya vita, wananchi wakabaki na yale hafifu yenye moshi mwingi (hapa wakulima wa kahawa mtanielewa). Ukungu na moshi vikachanganyika, watu hawaoni hata miguu yao. Hesabu ya kwanza ilisema waliokufa ni kama 4,000. Tafiti za baadaye zimefika 12,000 hivi.

Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi. Ninachoipendea sheria hii ni kwamba haikuishia kwenye kupiga marufuku. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa hayaruhusiwi moshi, mwenye nyumba aliyebadilisha meko yake alirudishiwa sehemu 7 kati ya 10 za gharama halali. Yaani serikali ilikubali kwamba meko ya mama mmoja sebuleni kwake ni suala la mji mzima, na mji mzima uchangie.

Tuvuke bahari twende New York. Kule mwishoni mwa karne ya 19 wahamiaji maskini walibanana kwenye majengo ya ghorofa yenye vyumba vya ndani visivyo na dirisha hata moja. Kifua kikuu kilikuwa kinawamaliza. Sheria ya 1901 ikawabana wenye majengo, hata ya zamani, watoboe madirisha kwenye kuta za ndani ili hewa na mwanga vifike vyumba vya katikati. Kisha mwaka 1918 ikaja homa ya mafua iliyoua watu wapatao 675,000 Marekani peke yake. Watu wa afya wakasisitiza madirisha yafunguliwe hata wakati wa baridi. Mafundi wa mvuke wakajibu kwa kufunga maboila makubwa na rejeta (kama ile ya gari, ila hii inapasha chumba) zenye nguvu ya kutosha siku ya baridi kali kuliko zote huku dirisha likiwa wazi. Ndo maana wakazi wa majengo ya zamani ya New York hulalamika kwamba wanaungua ndani, wakati nje kuna theluji.

Halafu Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta. Pipa moja lilipanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Hapo wimbo ukageuka: ziba, ziba, ziba! Mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mpango wa kuzisaidia familia zenye kipato kidogo kuziba nyufa na kuweka vizuia baridi kwenye dari na kuta, na tangu hapo zaidi ya nyumba milioni 7 zimehudumiwa. Ni jambo zuri, sibishi. Lakini nyumba iliyozibwa pande zote bila njia ya hewa inabaki na unyevu wa pumzi, wa kupika na wa nguo zinazoanikwa ndani. Unyevu ukigusa ukuta wa baridi unakuwa maji, na maji yanaotesha kuvu.

Desemba 2020 mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab alifariki Rochdale, karibu na Manchester. Novemba 2022 uchunguzi wa mahakama ulisema chanzo ni kuishi muda mrefu kwenye fleti yenye kuvu. Baba yake alikuwa amelalamika, akaambiwa apake rangi. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria inayowapa wenye nyumba za kijamii muda maalumu wa kushughulikia unyevu na kuvu, ikaanza kutumika Oktoba 2025. Inaitwa Awaab's Law. Kiswahili chetu huita ukungu ule wa London 1952 na ule wa ukuta wa Rochdale neno hilohilo, ukungu, na vyote viwili vimeua.

Mnauliza sisi inatuhusu nini? Sisi hatuna theluji, lakini waliokaa Njombe, Makete, Mbeya na hapa Iringa mwezi wa saba wanajua. Vyumba vyetu vina madirisha ya luva yasiyofunga vizuri, na kila mwaka nawaona watu wanachomeka magazeti na maboksi. Sawa, ziba. Ila ukishaziba, usiingize jiko la mkaa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na habari za watu kukutwa wamekufa asubuhi na jiko liko pembeni si ngeni kwetu. Blanketi la pili linatosha. Na kama ukuta wako unavuja na kuota ukungu, usikubali kuambiwa upake rangi tu. Andikeni barua chumba kizima, msaini wote, mpeleke kwa mwenye nyumba na mbaki na nakala.

Haya, kesho nina uwasilishaji saa mbili asubuhi na sijaandaa hata ukurasa. Usiku mwema, na mwenye blanketi la ziada ajue mimi ni rafiki yake.