Kimondo cha Mbozi na Mawe Yanayofanana Nacho

Sogeeni karibu na redio, na mwenye kitabu akifungue, tusome pamoja habari za jiwe lililotoka mbinguni.

Barabara itokayo Mbeya kwenda Tunduma hupita katika wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika mkoa wa Songwe. Huko, katika kilima cha Marengi, limelala bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Zamani walidhani ni tani 25. Wenyeji walilijua tangu kale, lakini hapana hadithi ya siku lilipoanguka, kwa hiyo lilianguka zamani sana. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott aliliona, na habari zake zikaenea duniani. Sehemu yake ilikuwa imefukiwa. Wakachimba handaki kulizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake ili lisianguke. Kukata kipande cha sentimita 10 tu kwa msumeno wa chuma kulichukua saa 10!

Sasa fikirini. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wahunzi hodari. Waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuri za udongo, wakafua majembe. Na karibu nao palikuwa na tani 16 za chuma tayari. Mimi sishangai kuona bonge lile limesalia, ikiwa hata msumeno ulihangaika.

Lakini kazi ya wahunzi huwasumbua watafutaji wa leo. Wapo wanaotembea na mashine ya kutambua chuma. Ina waya uliozungushwa, na umeme ukipita humo nguvu ya sumaku hushuka ardhini. Ikikuta chuma, mashine hulia. Lakini hulia pia juu ya jembe kuukuu, na huweza kulia juu ya mavi ya chuma, yaani takataka za tanuri, hata juu ya jiwe jeusi la kawaida lenye sumaku. Basi mtu akiuza mbuzi wake anunue jiwe kwa sababu mashine imelia, ameibiwa mchana kweupe.

Tazameni jiwe lenyewe. Likiwa na matundu mengi kama mkate, yaelekea ni mavi ya chuma. Lisugueni nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu kama tofali, au mweusi, ni jiwe la hapa hapa duniani. Kisha pigeni tupa pembeni: jiwe la kawaida hutoa vumbi, kimondo cha chuma hung'aa kama fedha. Sumaku peke yake haitoshi, maana huvuta vyote.

Hata nyundo iliyovunjika hung'aa, kwa hiyo maabara hutafuta nikeli. Katika kimondo cha Mbozi, chuma ni kama sehemu 90 katika 100, na nikeli karibu 9. Chuma cha jembe hakina nikeli kiasi hicho. Tena vimondo vingi vya chuma, vikilainishwa na kupakwa asidi, huonyesha mistari inayopishana kama mkeka. Mistari hiyo hufanyika chuma kinapopoa polepole kwa mamilioni ya miaka, na hapana tanuri ya mhunzi iliyongoja hivyo.

Mwenye jiwe lililopita majaribio haya na aandike mahali alipoliokota, kisha apeleke kipande kwa wataalamu wa jiolojia, Dodoma.