Kisasi cha Wazee wa Mau Mau

Waswahili husema kisasi ni haki. Usemi huo tumeusikia tangu utotoni, na wengi wetu tunaamini kwamba aliyepigwa, siku akipata nafasi, naye atapiga. Ndiyo maana hadithi ya mzee aliyepita vitani, anayeinuka uzeeni kuwafuata waliomtendea ukatili, hutuvuta sana. Tunakaa tukisubiri mlio wa bunduki. Sisi tunaoishi Uingereza tuliiona hadithi ya namna hiyo ikitokea jirani yetu, katika Mahakama Kuu ya London, kwenye barabara ya Strand ambayo wengi wetu tunapita kwa basi tukienda kazini. Bunduki haikulia, lakini kisasi kililipwa kwa njia ambayo yafaa tuikumbuke.

Mwezi Juni 2009, wazee watano kutoka Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyoyapata wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika rasmi mwaka 1960. Nyuma yao walisimama maelfu ya wenzao, wakiwemo wapiganaji wa zamani wa Mau Mau.

Vita vile havikuwa mchezo. Baadhi ya viongozi wa msituni walikuwa wamejifunza vita katika jeshi la Mfalme. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alipigana Burma dhidi ya Wajapani, kisha akarudi nyumbani na kukuta hana haki katika nchi aliyoambiwa anaitetea. Wala hatutasema kuwa Mau Mau walikuwa malaika. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, waliwaua na kuwachoma moto Waafrika wenzao, wakiwemo wanawake na watoto. Kwa upande wake, serikali iliwanyonga watu zaidi ya 1,000, na maelfu kwa maelfu wakafungiwa kambini bila kushtakiwa.

Katika kambi hizo ndimo ulimotendeka ukatili uliofikishwa mahakamani. Mzee Paulo Muoka Nzili alihasiwa. Bibi Jane Muthoni Mara, ambaye alikuwa msichana tu aliyewapelekea wapiganaji chakula, alidhalilishwa kwa namna ambayo haiandikiki katika jarida la familia. Mzee Wambugu wa Nyingi alizuiliwa takriban miaka tisa bila kufikishwa mbele ya hakimu. Alikuwepo Hola tarehe 3 Machi 1959, siku ambayo mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Yeye alipoteza fahamu, akalazwa pamoja na maiti, akidhaniwa naye amekufa. Maelezo ya kwanza ya wakubwa yalikuwa kwamba wale watu walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa! Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Hili la kuficha halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1957 Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu utaratibu wa kutumia nguvu kambini, akaeleza kuwa kama ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Tulishike neno hilo, kimyakimya, maana ndilo lililokuja kugombaniwa miaka hamsini baadaye.

Mtu atauliza: kwa nini wazee hawa hawakulipiza mapema? Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na waliowapiga walikuwa wanajulikana kwa majina. Jibu ni kwamba si wote walikuwa Wazungu. Wengi walikuwa hom gadi, yaani jirani wa kijiji kimoja, pengine hata wa ukoo mmoja. Tangu Januari 1955 Baring alikuwa ametangaza msamaha wa pande mbili, ambao kwa upande mmoja uliwakinga hom gadi wasishtakiwe kwa waliyoyatenda. Kisha Mzee Kenyatta aliwataka wananchi wasamehe na kusahau yaliyopita. Lau kila aliyeumia angechukua panga, Kenya isingebaki na kijiji kizima. Kwa hiyo watu walinyamaza, wakakutana sokoni na kanisani na wale waliowatesa, wakasalimiana. Na sheria iliyopiga marufuku Mau Mau, iliyotungwa na mkoloni, haikufutwa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Msamaha ni jambo jema, lakini huu ulikuwa na bei yake, na aliyeilipa ni yule aliyeumizwa.

Mahakamani London serikali ilijitetea kwanza kwamba jukumu la mambo ya koloni lilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Jaji McCombe alilikataa hilo Julai 2011. Halafu ikadai kuwa muda umepita mno na kesi ya haki haiwezekani tena. Hilo nalo lilikataliwa Oktoba 2012. Kilichowasaidia sana wazee ni karatasi. Mwaka 2011 serikali ilikiri kuwa katika jengo lake la Hanslope Park, Buckinghamshire, kulikuwa na majalada yapatayo 1,500 yaliyoondolewa Kenya kabla ya uhuru. Wanahistoria, miongoni mwao David Anderson na Caroline Elkins, walitoa ushahidi. Yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema kwa vinywa vyao, na kwa makovu yao, sasa yalisemwa na maandishi ya watesaji wenyewe.

Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama Bungeni akakiri kuwa Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, na kwamba serikali inasikitika. Zilitolewa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ukigawanya, haifiki pauni 4,000 kwa mtu mmoja, tena gharama za kesi zikiwa ndani yake. Ni kidogo mno kwa mwili wa mtu. Serikali haikukubali hata hivyo kuwa ina dhima kisheria.

Je, hicho ni kisasi? Sisi tunasema ndiyo. Dhambi iliyopangwa itendwe kimyakimya ilisomwa kwa sauti katika Bunge lilelile lililowatawala. Hakuna jirani aliyechomewa nyumba Nyeri wala Murang'a, na hakuna mjukuu aliyerithi uadui. Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu, uliogharimiwa na Uingereza, ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi. Unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kama alivyofanya Bibi Muthoni.

Hata hivyo tusijidanganye kuwa haki hungoja milele. Bibi Susan Ngondi, mmoja wa wale watano, alifariki kabla hajasikia neno la Waziri. Na wadai wengine zaidi ya 40,000 waliofuata walishindwa mwaka 2018, kwa kuwa safari hii jaji aliona muda umepita mno. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alilaani ukatili uliofanyika, lakini neno la kuomba radhi hakulitamka.

Wazee hao wanapungua kila mwaka. Kama una babu au bibi huko nyumbani aliyepita kambini, au hata aliyekuwa hom gadi, mpigie simu wikendi hii, umuulize, na uandike anachokueleza. Watesaji walitunza majalada yao kwa miaka hamsini. Sisi nasi tutunze ya kwetu.